Jembe, Sikio na Jicho: Miaha ya Grace Ogot Nje ya Kitabu

Utangulizi

Miaha ni riwaya fupi ya Grace Ogot iliyochapishwa kwa Dholuo mwaka wa 1983. Kisa chake kilijulikana kwa wengi kandokando ya Ziwa Viktoria kabla hakijatiwa kitabuni. Hapo kale, kisa chasema, binadamu hakulima. Jembe lilichukuliwa asubuhi hadi shambani, likagusishwa ardhi, likaachwa hapo. Nalo likalima peke yake mpaka kazi ikaisha. Sharti lilikuwa moja: mtu asilishike mpini akalima kwa mikono yake. Ndipo akaja bi arusi katika boma la wakwe zake. Alipotumwa shambani hakufuata alivyoagizwa; alilishika jembe akalima. Tangu siku hiyo jembe likakataa kujilimia, na binadamu akawa ni wa kula jasho lake.

Katika kitabu, bi arusi huyo anaitwa Nyawir na mumewe ni Owiny. Masimulizi ni mafupi, tukio kuu ni moja, mandhari ni boma na shamba, na mgogoro unaeleweka mara moja hata kwa mtu asiyewahi kukisoma kitabu. Kwa sifa hizo, Miaha huonekana kama kazi iliyo tayari kugeuzwa filamu au mchezo wa kusikilizwa. Makala haya yana shaka na wepesi huo. Yanashikilia kwamba ugumu wa kuihawilisha Miaha haupo hasa penye muujiza wa jembe. Upo penye lawama. Yeyote atakayeitoa kitabuni atalazimika kuamua kama Nyawir ana hatia, na kila chombo, kiwe cha sauti au cha picha, kina mwelekeo wake katika hukumu hiyo hata kabla mwandishi wa mswada hajaandika neno la kwanza.

Kutoka siwindhe hadi kitabuni

Wapo wanaodhani kuwa kitabu ndicho asili, na kwamba filamu au redio itakuwa nakala tu. Kwa Miaha dhana hiyo haisimami, kwa sababu Miaha yenyewe ni uhawilishaji. Kisa cha jembe kilitoka katika simulizi za jioni, za aina ile iliyotambwa katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo wasichana walilala na kufunzwa mambo ya dunia. Simulizi hizo zilikuwa na taratibu zake. Tamko la kufungia hadithi, thu tinda, ndilo Asenath Bole Odaga alilolichukua kuwa jina la mkusanyiko wake wa hadithi. Odaga, ambaye pia aliendesha shughuli za uchapishaji mjini Kisumu, alijua vyema kwamba tamko kama hilo likishachapwa halitoki tena kinywani mwa mtambaji anayepiga miayo, wala haliitikiwi na watoto walio karibu kusinzia. Kila hadithi inapohama hupoteza kitu.

Ogot mwenyewe alilelewa na vyanzo viwili vya hadithi. Alizaliwa mwaka wa 1930 katika jamii ya Asembo. Baba yake, mwalimu na Mkristo, alimsimulia visa vya Agano la Kale. Bibi yake alimtambia ngano za Kijaluo. Msomaji wa Miaha anayesikia humo mwangwi wa Hawa na bustani ya Edeni hajakosea, ingawa ngano ya jembe haihitaji Edeni ili ieleweke. Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba Ogot aliijua kazi ya sauti kabla ya kujulikana kwa vitabu. Kati ya mwaka wa 1955 na 1958 alikuwa London akiandika miswada na kutangaza katika idhaa ya BBC iliyoelekezwa Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporudi nyumbani alifanya kazi Maseno, na baadaye Kisumu akiwa afisa wa maendeleo ya jamii. Riwaya yake ya Kiingereza, The Promised Land, ilitoka mwaka wa 1966, na mkusanyiko wa hadithi, Land Without Thunder, mwaka wa 1968. Miaka ya 1980 ilipoanza ndipo alipogeukia kuchapisha kwa Dholuo. Amewahi kueleza kwamba mama yake alikuwa na sehemu katika uamuzi huo, kwa kuwa mama huyo alitamani maandishi ambayo watu wake wangeweza kuyafuata wenyewe.

Kwa hiyo mtu anayeifikiria Miaha katika redio anairejesha hadithi mahali ilipopita. Lakini hairejei kama ilivyotoka. Katika ngano, bi arusi yule aweza kuwa bi arusi yeyote. Hana haja ya jina, kwa maana kazi yake ni kubeba funzo. Yamkini wasichana waliosikia kisa hicho katika siwindhe walitakiwa kuelewa kwamba siku moja nao wangepelekwa kwenye boma geni, na kwamba huko kutii ni salama kuliko kuuliza. Ogot alimpa bi arusi huyo jina, nasaba na uchumba. Alimfanya awe mtu mwenye maisha kabla ya kufika shambani. Mara tu alipofanya hivyo, funzo la zamani lilianza kuyumba. Ngano yaweza kumlaumu bi arusi asiye na jina bila kumsikiliza. Riwaya iliyokwisha kumfahamisha msomaji kwa Nyawir haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi.

Jina la bi arusi

Ushahidi kwamba kila uhawilishaji ni hukumu unapatikana katika jalada la tafsiri. Mwaka wa 1989 kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, kikiwa kimetafsiriwa na mwanaisimu Okoth Okombo, kwa jina The Strange Bride. Kwa Dholuo jina ni neno moja, nalo halimtuhumu mtu. Miaha ni bi arusi tu, mke aliyetoka kuolewa. Jina la Kiingereza limeongeza sifa, na sifa hiyo ina pande mbili: yaweza kumaanisha mtu wa ajabu, asiye kama wenzake, au mtu mgeni, asiyejulikana alipofika.

Maana ya kwanza inamtenga Nyawir na wanawake wengine. Kosa linakuwa lake peke yake, tunda la tabia yake isiyo ya kawaida. Maana ya pili inamrudisha katika kundi, kwa sababu katika jamii ambamo mwanamke huolewa nje ya ukoo wake na kuhamia kwa mumewe, kila bi arusi ni mgeni. Anaingia katika boma lenye miiko ambayo wenyeji wameinyonya pamoja na maziwa, ilhali yeye anaelezwa kwa siku chache na kutarajiwa asikosee. Tafsiri ya Okombo haikulazimika kuchagua kati ya maana hizo, kwani neno la Kiingereza linazibeba zote mbili. Mwigizaji wa kike atakayepewa nafasi ya Nyawir hana bahati hiyo. Uso wake utachagua, na sauti yake pia.

Kiswahili nacho kina mtihani wake. Bi arusi wa Kiswahili ni wa siku za harusi zaidi. Sherehe ikipita, jina nalo hufifia. Neno mkazamwana lina uzito mwingine, kwa sababu linamtaja mwanamke kwa uhusiano wake na wazazi wa mume. Mswada wa Kiswahili utakaoitwa Mkazamwana utakuwa umehamisha mgogoro kutoka kwa Nyawir na jembe hadi kwa Nyawir na mama mkwe wake. Huenda hapo ndipo ulipostahili kuwa. Hata hivyo, utakuwa ni uamuzi, na anayeufanya hana budi kujua kwamba ameufanya.

Sikio

Wasikilizaji wa Kenya wamezoea mchezo wa redio. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Kiswahili wa Ushikwapo Shikamana uliwaleta watu pamoja mbele ya redio kufuatilia mambo ya familia na uzazi. Aidha, tangu miaka ya 2000 idhaa zinazotangaza kwa Dholuo, kama Ramogi FM, zimeingia katika matatu za Kisumu, katika vibanda vya soko la Kibuye na katika maboma ya ndani ambako kitabu hakifiki. Hadhira ipo. Suala ni nini itasikia.

Kwa mtazamo wa kwanza, muujiza wa jembe haumpi mtayarishaji wa redio taabu yoyote. Haonyeshi kitu. Anahitaji tu mlio wa chuma kinachoingia ardhini, na kila msikilizaji atajitengenezea jembe lake na shamba lake. Anayesikiliza Kano atasikia ule udongo mweusi unaonata mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Anayesikiliza visiwani atasikia kokoto. Lakini pana tatizo dogo lenye maana kubwa. Mlio wa jembe linalojilimia na mlio wa jembe linalolimiwa na mtu ni ule ule. Ardhi haijui ni nani aliyeshika mpini. Je, msikilizaji atajuaje kwamba mwiko umevunjwa?

Atajua kwa pumzi. Jembe linapolima peke yake husikika chuma na udongo tu, kwa mpigo usiobadilika. Nyawir anapolima, kati ya mpigo na mpigo kuna mtu anayevuta hewa, anayechoka, anayesita, anayeanza tena. Mpigo wake haulingani. Hakuna haja ya msimulizi kueleza, wala muziki wa kutisha. Msikilizaji atasikia binadamu ameingia katika kazi ambayo hapo awali haikuwa na binadamu ndani yake. Hiyo ndiyo maana nzima ya kisa, na redio inaweza kuitoa bila neno.

Pumzi hiyo ina athari katika hukumu pia. Ni vigumu kumlaani mtu ambaye umesikia akihema karibu na sikio lako. Sauti humweka msikilizaji ndani ya mwili wa Nyawir kabla hajapata nafasi ya kusimama kando pamoja na wazee na kumnyooshea kidole. Kwa hiyo mwelekeo wa sauti ni kumtetea. Mtayarishaji mwangalifu atahitaji kuuzuia mwelekeo huo usizidi mipaka, kwa sababu jamii iliyopoteza jembe lake nayo imepata hasara ya kweli. Njia mojawapo ni kumpa usimulizi bibi mzee, kama katika siwindhe. Bibi huyo anafunza utii, lakini naye alikuwa miaha zamani. Lawama na huruma zaweza kukaa katika sauti yake moja, hata katika sentensi moja, na msikilizaji akaachwa azipime mwenyewe.

Jicho

Filamu inaanza na swali ambalo redio haikuulizwa: ni jembe gani? Haliwezi kuwa lile linalouzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kilimo. Kabla ya majembe ya viwandani kuenea, majembe mengi ya chuma yaliyotumiwa na Wajaluo yalitoka kwa wahunzi wa Samia. Umbo la jembe la mhunzi, alama za nyundo juu yake, jinsi lilivyofungwa kwenye mpini, yote hayo yatasema juu ya enzi ya kisa kuliko mavazi. Katika jambo kama hili picha ni tajiri na kitabu ni maskini.

Utajiri huo huo ndio mtego wake. Mtengenezaji wa filamu atashawishika kuonyesha jembe likilima peke yake. Atakuwa na vifaa vya kufanyia hivyo, na tangazo la filamu litataka picha hiyo. Matokeo yanaweza kubashiriwa. Watazamaji watastaajabu mara ya kwanza, watacheka mara ya pili, na kuanzia hapo watakuwa wakitazama ufundi. Lakini iko sababu nzito zaidi ya kutolionyesha, nayo imo katika kisa chenyewe. Jembe liligusishwa ardhi, likaachwa. Aliyelipeleka alirudi nyumbani. Jinsi kisa kinavyotambwa, muujiza hauhitaji shahidi. Watu waliona shamba lililolimwa tu. Kamera itakayobaki shambani kulitazama jembe itakuwa imeuvunja mwiko kabla ya Nyawir.

Hapo ndipo filamu yaweza kupata njia yake. Isionyeshe muujiza. Ionyeshe asubuhi jembe likiwekwa, na jioni ardhi iliyopinduliwa, na kati yake boma lenye watu wasio na la kufanya. Kisha ionyeshe kwa ukamilifu kile ambacho hakikuwahi kuonekana: mwanamke akilima. Ichukue muda. Yaonekane malengelenge, mgongo unaopinda na kunyooka, kivuli kinachofupika na kurefuka. Mtazamaji wa Nyanza ameona wanawake wakilima maisha yake yote, na huenda hajawahi kutazama. Katika filamu kama hiyo ajabu ingekuwa kazi ya kawaida ya mkono, ikionekana kama siku ya kwanza ilipofanywa duniani.

Bila uangalifu huo, mwelekeo wa picha ni kumhukumu Nyawir. Kamera humtazama mtu kwa nje. Humwona akitenda, na haimwoni akifikiri. Mfano wa karibu unasaidia. Filamu ya Kenya ya mwaka wa 2018, Rafiki, ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka wa 2007. Hadithi hiyo inasimuliwa na msichana anayemwambia mwenzake aliye mbali, akimwita wewe, na nguvu yake kubwa iko katika huko kungoja na kukumbuka. Filamu ilihamisha kisa kutoka mtaa wa Kampala hadi Nairobi, ikawapa wahusika majina mengine, na ikapata rangi, nyuso na mtaa uliochangamka. Ile sauti ya mtu anayemwambia asiyekuwapo haikuweza kuvuka pamoja na kisa. Haikuwa uzembe, ndivyo picha ilivyo. Atakayeipiga picha Miaha atakabiliwa na hasara kama hiyo, na tofauti ni kwamba kwa Nyawir hasara hiyo inageuka kuwa ushahidi wa upande wa mashtaka.

Lugha na lawama

Mtu aweza kuuliza kwa nini lawama ya mhusika wa kubuni ijaliwe kiasi hiki. Jibu liko katika mashamba yenyewe. Katika maboma mengi ya Wajaluo utaratibu wa kupanda hufuata ukubwa: mke mkubwa hutangulia kutoa mbegu, desturi iitwayo golo kodhi, ndipo wengine wafuate. Mkazamwana aliye tayari na mbegu zake, na mvua imekwisha kunyesha, aweza kulazimika kungoja kwa sababu aliye juu yake hajaanza. Akitangulia, huhofiwa kwamba ataleta chira, maradhi ya kudhoofika yanayomfuata mvunja mwiko au jamaa zake. Miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipoenea Nyanza, wengi waliufasiri kama chira, na katika maboma kadhaa macho yaliwaelekea wake na wajane. Kisa cha mwanamke aliyelishika jembe kabla ya ruhusa hakisikiki katika mazingira hayo kama ngano ya kale tu. Filamu itakayomtia Nyawir hatiani itakuwa na matumizi, na watakaoitumia wanajulikana. Vivyo hivyo, filamu itakayozidharau desturi kama ujinga mtupu itawapoteza wale wale iliotaka kuwafikia, kwa maana utaratibu wa kupanda uliwalinda pia wake wakubwa wasisahauliwe katika boma lenye wake wengi.

Suala la lugha limefungamana na hilo. Ousmane Sembène wa Senegal alipoigeuza riwaya yake fupi, Le Mandat, kuwa filamu mwaka wa 1968, aliifanya izungumze Kiwolof na kuiita Mandabi. Kitabu kilikuwa kwa Kifaransa. Watu waliosimuliwa humo wengi wasingeweza kukisoma. Kwa Sembène filamu ilikuwa njia ya kuwarudishia kisa chao. Ogot alikuwa amechukua hatua ya aina hiyo ndani ya uandishi wenyewe, kwa kutunga Miaha kwa Dholuo baada ya vitabu vyake vya Kiingereza. Ingekuwa kinyume cha mwendo wake kama filamu au mchezo wa redio ungetokana na tafsiri ya Kiingereza, na Dholuo ikabakizwa katika nyimbo za harusi na vilio vya msibani.

Hata hivyo, haifai kuifungia Miaha ndani ya Dholuo. Katika Kisumu yenyewe, jiji lililokua kutokana na kituo cha reli kilichofikiwa mwaka wa 1901, majirani ni Waluhya, Wagusii, Wahindi na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kwenye feri. Toleo la Kiswahili la kusikilizwa lina haki ya kuwapo, mradi litungwe kwa masikio ya Kiswahili na lisiwe kivuli cha tafsiri. Maneno kama miaha na chira yaweza kuachwa yalivyo. Msikilizaji atayaelewa kwa jinsi wahusika wanavyoyatamka, kama bi arusi yeyote anavyoielewa miiko ya boma jipya.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba sauti humvuta msikilizaji kwa Nyawir na kwamba picha humsukuma mtazamaji mbali naye. Tofauti hiyo haina maana kwamba redio ni bora kuliko filamu. Ina maana kwamba kila chombo kina kazi ya kujikinga na mwelekeo wake. Redio ijikinge na huruma inayosahau hasara ya wengine. Filamu ijikinge na jicho linaloona tendo bila sababu. Kitabu cha Ogot, ambacho hakina pumzi wala uso, kiliweza kuzishika pande zote mbili kwa sababu kilimpa Nyawir jina na hakikumnyang'anya mama mkwe haki ya kuhuzunika.

Grace Ogot alifariki dunia mwezi wa Machi mwaka wa 2015. Kizazi kinachokua sasa katika Asembo, Gem na mitaa ya Kisumu kina nafasi ndogo ya kulisikia jembe kutoka kwa bibi katika siwindhe, na wengi hawatakisoma kitabu. Watakutana na Nyawir kwa mara ya kwanza katika simu ya mkononi, kwa sauti au kwa picha, na jinsi watakavyokutana naye ndivyo watakavyomkumbuka. Baadhi yao wataolewa katika maboma mageni. Itafaa kama watakuwa wamemsikia akihema.